Herufi za Kuguswa Tu

Msiitafute nchi ya Maridhawa kwenye ramani. Wachoraji walikuwa wameianza vizuri, wakafika kwenye mito, wakaambiwa wasimame kwanza, wamsubiri mgeni rasmi aje kuizindua. Mpaka leo wanasubiri, na kalamu zimewakaukia. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo, ina Ikulu yenye jiko kubwa kuliko bunge, na ina watu wapole mno. Yanayosimuliwa hapa ni mazuri yake tu, kwa sababu mabaya yake yalikwisha kupigwa marufuku.

Nchi nyingine hujisumbua na wizara ya elimu, wizara ya chakula, wizara ya afya, na kila moja inataka magari. Maridhawa waliliona hilo mapema. Binadamu, walisema, ana milango mitano tu ya fahamu, na kila kinachomwingia hupitia humo. Wakaunda Wizara ya Milango ya Fahamu, yenye Idara ya Kuona, ya Kusikia, ya Kunusa, ya Kugusa na ya Kuonja. Hiyo ya mwisho ilionekana ina kazi nyeti kuliko nyingine, basi ikahamishiwa Ikulu ili ipate utulivu. Tangu siku hiyo, kuonja kitu ndani ya jengo lolote la umma au penye mkusanyiko wa watu bila kibali kukawa kosa. Msibani tu ndipo paliporuhusiwa, kwa kuheshimu mila, na pia kwa sababu wakati sheria inaandikwa mama mkwe wa Waziri alikuwa hoi kitandani.

Waziri mwenyewe aliitwa Mheshimiwa Daktari Daktari Kitonge. Udaktari wa kwanza alipewa na chuo kikuu cha nchini, na wa pili alipewa na chuo hicho hicho kumpongeza kwa kuupokea ule wa kwanza. Mwaka mmoja alisafiri kwenda ughaibuni kwenye semina ya malezi ya watoto wadogo, akarudi amebadilika. Redio zote zikazimiwa muziki ili azungumze.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeona kwa macho yangu haya. Mtoto wa wenzetu anawekewa mchele kwenye sinia. Anauchezea. Anachora herufi humo kwa kidole. Anabandika maharage kwenye karatasi, inatokea herufi A, inatokea B. Halafu anaondoka zake! Hali! Ndiyo maana wenzetu wana ndege na sisi tunazitazama zikipita. Sisi mtoto ukimpa maharage anayala. Sasa nawauliza, maharage yakishaliwa, yanafundisha nini?"

Hakuna aliyejua jibu. Hakuna pia aliyeuliza kama yule mtoto wa wenzetu alikuwa amekunywa chai asubuhi ile, maana maswali kwa Waziri yalikuwa chini ya Idara ya Kusikia, na mkurugenzi wake alikuwa likizo.

"Basi kuanzia kesho," Waziri akamalizia, "uji katika shule za vidudu umesimama. Gunia ni lile lile, nafaka ni ile ile. Tofauti ni kwamba sasa ni elimu."

Kesho yake magunia yakasambazwa nchi nzima yakiwa yamepigwa mhuri mwekundu: KWA KUGUSWA TU.

*

Huko Bondeni palikuwa na shule ya vidudu ya darasa moja, na mwalimu wake aliitwa Sikudhani. Hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu huko mbele msomaji atashawishika kusema vingine. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, mkali wa adabu, na aliwapenda watoto wale kwa namna ya walimu: akimwona mmoja ana kamasi humfuta kwa upindo wa kanga yake huku anamgombeza.

Gunia la kwanza lenye mhuri lilipofika, mpishi wa shule, Mama Kidawa, alikuwa ameshawasha moto. Dereva wa wizara akamwambia auzime.

"Niuzime kwa nini, baba, na watoto wamekaa na vikombe vyao?"

"Mama, wewe si mpishi tena. Umepandishwa cheo. Sasa wewe ni Mratibu wa Vitu Visivyopikwa."

"Haya, ahsante kwa cheo. Na watoto watakula nini?"

"Hilo ulizeni Ikulu," dereva akasema bila ubaya wowote. "Kuonja kuko huko siku hizi."

Basi elimu ikaanza. Mchele ulimwagwa kwenye masinia, watoto wakachora herufi kwa vidole vyao vyembamba, wakafuta, wakachora tena. Mahindi yalitiwa kwenye makopo yakatikiswa, wakajifunza sauti. Ile sufuria kubwa ya uji ilichukuliwa na Idara ya Kusikia: watoto walifumba macho, Mama Kidawa akamimina maharage ndani yake polepole, nao wakatakiwa waseme wamesikia nini. Mwongozo wa mwalimu ulisema watasikia mvua. Wa Bondeni walisema wamesikia uji, wote kwa sauti moja, na Mwalimu Sikudhani akalazimika kurudia zoezi mpaka walipokubali kuwa ni mvua.

Wiki ya herufi N ilikuwa ya nyama, na hapo serikali ilipwaya kidogo, maana nyama ya kuguswa haikuwepo. Ikaleta karatasi zilizofungiwa nyama buchani. Ile ya Bondeni ilinuswa kwa zamu, mmoja mmoja, kwa utaratibu mzuri kabisa, mpaka ikachanika, na vipande vyake havikuonekana tena. Mwalimu Sikudhani aliona vilikokwenda. Akageukia ubao.

Kila alasiri alikuja Bwana Ndauka, Mkaguzi wa Ndimi, mtu aliyewahi kuwa tarishi wa wilaya, sasa ana tochi na kijiti. Watoto walipanga mstari wakatoa ndimi nje. Kwao ilikuwa raha tupu, kwa sababu nyumbani mtoto akimtolea mtu mzima ulimi anakula bakora. Bwana Ndauka alimulika, akachokonoa nyuma ya magego, akitafuta ganda la harage au unga wa hindi.

"Safi," alisema. "Safi. Huyu ana utando mweupe, lakini si wa chakula, ni wa kukosa chakula. Safi."

Nyumbani nako mambo yalikuwa mazuri vile vile. Mavuno ya Bondeni yalikuwa yamekusanywa yote kwenye Ghala la Taifa, yasije yakaliwa kiholela, na wazazi walichemsha majani ya porini na kuwaambia watoto watakula vizuri zaidi kesho.

Mdogo kuliko wote darasani alikuwa Zawena, aliyelelewa na bibi yake, Bi Mize, baada ya mama yake kwenda mjini kutafuta riziki na yeye kutopatikana tena. Zawena alikuwa na macho makubwa na maswali mengi kuliko macho.

"Mwalimu, herufi ukishaijua, unaruhusiwa kuila?"

"Herufi haziliwi, Zawena."

"Hata kidogo? Hata mkia wake?"

"Kaa vizuri. Shika kidole chako, chora."

Zawena alichora. Alikuwa mwepesi kuelewa, na hilo lilimpa mwalimu wake furaha ambayo hakuionyesha.

*

Siku moja, katika shule ya vidudu ya Mtoni, upande wa pili wa mto, herufi moja ya mahindi ilikutwa na pengo. Punje chache tu, kwenye kona. Habari zikafika wizarani kabla ya jua kuchwa. Mwalimu wa Mtoni alichukuliwa akaenda semina, na semina ile haijafungwa mpaka leo. Shule ilipigwa misumari mlangoni. Watoto hawakufungwa, kwa kuwa serikali ina huruma, ila waliandikishwa rasmi kuwa Wezi wa Awali, cheo ambacho watakwenda nacho mpaka uzeeni.

"Msidanganyike kwamba watoto wale walikuwa na njaa," Waziri alieleza redioni. "Mtoto mwizi hana njaa. Ana tabia."

Wiki hiyo hiyo Bwana Ndauka alifika Bondeni mapema, bila tochi, akaomba kigoda, akakaa. Akamtazama Mwalimu Sikudhani kama mtu aliyebeba habari njema asiyetaka kuimaliza haraka.

"Mwalimu, Sikukuu ya Herufi mwaka huu ni kwenu hapa. Mgeni rasmi ni Mheshimiwa mwenyewe."

Sikudhani akakaa chini bila kutafuta kigoda.

"Kila mtoto atavaa herufi yake kifuani, ya maharage au ya mahindi," Ndauka akaendelea. "Na Mheshimiwa ametamka kwa kinywa chake, mimi nikisikia: herufi za Bondeni zikikutwa kamili, uji unarudi."

"Uji unarudi?"

"Kila siku asubuhi. Wenye sukari. Lakini kamili, Mwalimu, punje kwa punje. Ikikosekana moja, basi njia ya Mtoni mnaijua."

Mwalimu Sikudhani hakulala vizuri kwa furaha na hofu. Aliamini serikali kwa moyo mweupe. Katika nchi ile walikuwepo watu wengi wa namna hiyo, na ndio waliokuwa wakiibeba.

*

Wakaanza kutengeneza. Wizara ilileta makaratasi magumu ya maboksi, na unga wa muhogo wa kukorogea gundi. Watoto walikaa mkekani wakabandika harage moja moja kufuata mstari wa mwalimu. Kila harage lilishikwa muda mrefu kabla ya kubandikwa. Lilizungushwa vidoleni, likanuswa, likawekwa shavuni. Mkurugenzi yeyote wa Idara ya Kugusa angetokwa na machozi kuona elimu inavyowaingia. Mwalimu Sikudhani alizunguka nyuma yao akitazama mikono, na kila mtoto alipomeza mate yeye alimwamuru afungue kinywa.

Mama Kidawa alivumilia, mpaka siku moja akashindwa. Alimvuta Sikudhani nyuma ya jiko.

"Mdogo wangu, hebu nisikilize. Maharage yapo. Sufuria ipo. Kuni ninazo tangu siku ile. Tuwapikie leo, ya kesho tutayajua kesho."

"Dada, wakila leo watakula mara moja. Wakivumilia watakula kila siku. Wewe ungechagua lipi?"

"Ningemchagua mtoto aliye mbele yangu. Huyu Zawena jana kasinzia amesimama. Nimemshika mkono, mkono wenyewe haupo."

"Na ya Mtoni je? Unataka hawa nao waitwe wezi? Mimi nipelekwe semina, nani atabaki nao?"

Kila neno la Sikudhani lilikuwa kweli. Mama Kidawa akarudi jikoni akakaa mbele ya mafiga yake yaliyopoa.

Basi mwalimu akakaza kamba. Alitunga wimbo wa kuimba njaa ikiuma. Aliwafundisha kukunja mikono nyuma wakiwa na herufi kifuani. Na kwa kuwa mgeni alikuwa anakuja, aliwafundisha pia adabu, bila hata kufikiri, kama mtu anavyofagia uwanja kabla ya harusi. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Alipokuwa mdogo aliwahi kutazama chungu cha jirani kwa muda mrefu kupita kiasi, na mama yake akamfinya paja mpaka likabaki na alama. Huko Maridhawa, mtoto anayesema ana njaa mbele ya mgeni amemvua mama yake nguo hadharani.

"Mgeni akikuuliza una njaa, unasemaje?"

"Nimeshiba, ahsante!" darasa likaitikia.

"Na uso?"

Wakatabasamu wote.

Zawena akainua mkono. "Lakini Mwalimu, mimi sijashiba."

"Najua. Sema hivyo hivyo."

"Nikisema nitashiba?"

Sikudhani akachuchumaa mbele yake. Hilo alilifanya mara chache sana. "Ukisema vizuri," alimwambia, "utapata uji."

Akampa herufi U aibebe, kwa sababu ilikuwa wazi juu na hakuhitaji kunyoosha shingo. Kitabu cha wizara kiliandika kuwa U ni ya Utii. Zawena aliuliza ni ya nini, na mwalimu, baada ya kutazama mlangoni, akamnong'oneza kuwa ni ya uji.

*

Sikukuu ilipangwa, ikaahirishwa, ikapangwa tena, ikaahirishwa kwa ajili ya mazoezi ya kuahirishwa. Hatimaye siku ikafika kweli. Watoto walipangwa uwanjani tangu asubuhi, juani, kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja na herufi yake imefungwa kwa kamba shingoni na kiunoni. Turubai lilikuwepo moja, la meza kuu. Juu ya meza kuu palikuwa na vitambaa, maua ya plastiki na chupa za maji, na nyuma yake viti vitupu vilivyokaa kivulini kwa raha.

Mgeni rasmi alichelewa. Mgeni rasmi wa Maridhawa asipochelewa, watu hushuku kuwa si yeye. Jua likapanda likawa utosini. Harufu ya maharage yaliyopata joto ikaanza kupanda kutoka vifuani mwa watoto mpaka puani mwao, na mtoto mmoja akalia kimya kimya bila kuguna. Wazazi walisimama mbali nyuma ya kamba. Bi Mize alileta maji kwenye kibuyu, lakini afisa wa itifaki akamwambia maji yataharibu gundi.

"Nampa mjukuu wangu, mwanangu, si gundi."

"Bibi, kwa leo mjukuu wako na gundi ni kitu kimoja. Rudi nyuma ya kamba."

Alasiri msafara ukaingia na vumbi lake. Waziri alishuka anafuta midomo, kwa kuwa alipitia chakula cha mchana kwa mkuu wa wilaya, na nyuma yake akashuka Mwonjaji Mkuu wa Taifa, mtu mnene, mpole, mwenye begi dogo la vijiko. Watoto wakaimba. Sauti zilitoka nyembamba, lakini zilitoka.

Waziri akapita mstarini mikono nyuma. Aliinama kwenye A, akaikagua kwa karibu, akanyooka. Akaenda B. Bwana Ndauka alifuata na tochi, ingawa jua lilikuwa linawaka. Mwalimu Sikudhani alitembea pembeni yao, kucha zimezama viganjani. Kila herufi ilikuwa kamili. Hakuna pengo, hakuna punje iliyolegea, hakuna ukingo uliolambwa. Kadiri walivyosonga ndivyo moyo wake ulivyozidi kuwa mwepesi, na akajikuta anaomba, anaahidi, anaona mvuke wa uji ukipanda asubuhi juu ya vikombe.

Mbele ya U Waziri akasimama. Alikuwa mtu wa kupenda watoto mbele ya wapiga picha.

"Jina lako nani, mama?"

"Shikamoo. Zawena."

"Marahaba. Herufi nzuri sana. Niambie, mama, una njaa?"

Zawena akayumba kidogo, akajishikiza kwa kidole kwenye suruali ya Waziri, akamtafuta mwalimu wake kwa macho. Alipompata, akatabasamu.

"Nimeshiba, ahsante," akasema.

Ilikuwa vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, na Mwalimu Sikudhani akaona fahari.

*

Waziri akapanda jukwaani. Alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, jina kwa jina. Alisimulia semina ya ughaibuni tangu uwanja wa ndege. Alipofika kwenye mapokezi ya hotelini, Zawena alipiga magoti, akakaa, akalala ubavu, taratibu, akiilinda herufi yake isiguse mchanga.

Mama Kidawa akapiga hatua. Mlinzi akamzuia. Minong'ono ikaanza nyuma ya kamba, Waziri akaona, akanyoosha mkono.

"Tulieni, wananchi, tulieni. Mwacheni. Nani asiyejua mtoto akishashiba hufanya nini?" Akashusha sauti kwa upendo. "Analala. Msimwamshe."

Meza kuu ikacheka kwa mahaba. Afisa wa itifaki akaagiza makofi ya vidole viwili vitatu, yasimsumbue.

Mwalimu Sikudhani alikuwa kiti cha mwisho cha meza kuu, alikowekwa kwa heshima. Alitaka kuinuka. Alitaka sana. Lakini huko Maridhawa hakuna ainukaye mgeni rasmi akiwa amesimama, na tangazo la uji lilikuwa bado. Litakuja mwishoni, kama matangazo yote mazuri. Akiharibu sasa, ataharibu kwa wote. Akajiambia mtoto amechoka tu. Akajiambia dakika chache. Mheshimiwa akafika kwenye kifungua kinywa cha hotelini, akakieleza sahani kwa sahani.

Mwishoni kabisa akatoa bahasha ya kaki mfukoni, akaiinua juu.

"Humu mna amri ya kurudisha uji Bondeni. Nimeshaisaini. Sifichi, nilikuja hapa na wasiwasi. Nilijiuliza, pengine wanangu wana njaa?" Akapumua. "Lakini nimekuta nini? Nimekuta herufi kamili! Nawauliza wenye akili: mtoto mwenye njaa anaweza kukaa na maharage kifuani tangu asubuhi asiyale?"

"Hawezi!" meza kuu ikajibu.

"Mwenye njaa angekula. Hawa hawakula. Nikasema labda wameogopa, ngoja nimuulize mtoto mwenyewe, maana mtoto hasemi uongo. Mmemsikia wenyewe. Ameshiba! Na huyo hapo mnamwona, amelala kwa shibe. Ndugu zangu, kumpa uji mtoto aliyeshiba ni kumtesa, na serikali yangu haitesi watoto." Akaichana bahasha kwa uangalifu, akavikabidhi vipande kwa msaidizi. "Hongera Mwalimu Sikudhani. Umewashibisha watoto bila chakula. Simama upigiwe makofi."

Akasimama. Walimpigia makofi, na kwa kuwa sasa alikuwa amesimama, akakimbia.

Alikuta Mwonjaji Mkuu ameshapiga magoti pale mchangani. Herufi zote zilikuwa zinapelekwa Ikulu kuonjwa kitaifa, na yule mtu mpole alikuwa anaifungua kamba ya U shingoni mwa Zawena, polepole sana, kwa vidole viwili, asimwamshe. Akaikagua. Haikukosekana punje hata moja.

"Usingizi mzito," akamnong'oneza Sikudhani, akaenda zake na herufi chini ya kwapa.

Sikudhani alimwinua mtoto, na kichwa kikaangukia nyuma. Akamwita. Akamgombeza, kama alivyozoea, kwamba aamke, kwamba mbele ya wageni halali mtu, na sauti yake ile ya kuita ng'ambo ya mto ikasikika uwanja mzima. Bi Mize akapita chini ya kamba, na safari hii hakuna aliyemzuia, kwa sababu msafara ulikuwa umeshaondoka.

*

Serikali ya Maridhawa haikosi msiba. Kesho yake asubuhi lori la rambirambi lilifika kwa Bi Mize na mchele magunia, mbuzi wawili, mafuta, vitunguu, na salamu za Waziri zilizosema taifa limempoteza mtoto mwenye adabu. Dereva alikuwa yule yule. Akashusha mzigo, akamwona Mama Kidawa amesimama tu, mikono kiunoni.

"Washa moto, mama," akamwambia. "Msiba una kibali."

Mama Kidawa akaenda kuileta ile sufuria ya Idara ya Kusikia, akaiosha, akaitereka.

Walipotoka makaburini, ubwabwa ukapakuliwa. Watu wazima walikula kidogo, kwa kuinamisha nyuso. Darasa la vidudu liliwekwa mkekani uani, likazunguka masinia, na kwa mara ya kwanza tangu semina ile ya ughaibuni watoto wa Bondeni wakala. Walikula mchele, wakala nyama, wakala ukoko. Walilamba vidole, wakalamba viganja, wakakwangua sinia mpaka likalia. Bwana Ndauka alipita na kanzu yake, hakumulika ulimi wa mtu.

Bi Mize alitoka ndani, macho yamevimba, akawasimamia.

"Mmeshiba, wajukuu zangu?"

"Tumeshiba, ahsante," wakaitikia wote kwa tabasamu walilofundishwa, na mikono haikutoka siniani kabisa.

Mwalimu Sikudhani alikuwa ameegemea ukuta wa jiko. Hakuwa ameonja kitu. Alikuwa anawatazama wanavyokula, na alichukia kila kitu alichowahi kukifundisha.

Ndipo Tumu, aliyekuwa akikaa karibu na Zawena darasani, akameza tonge lake la mwisho, akajifuta mdomo, akainua mkono kama wanavyofanya shuleni. Akasubiri mpaka mwalimu amwone.

"Mwalimu, na kesho anakufa nani?"

Wenzake wakaacha kutafuna. Wakamgeukia mwalimu wao, mikono mapajani, wakasubiri kwa adabu awatajie.